Mwanangu ameacha ngano, lakini damu yake inasema bado anaila

BARUA

Assalaam alaykum, Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Kisauni, na nakuandikia kwa sababu ya binti yangu mkubwa mwenye umri wa miaka 14. Kwa karibu mwaka mzima kabla ya maradhi yake kugunduliwa alikuwa akipungukiwa na damu. Alipewa vidonge vya madini ya chuma, damu ikapanda kidogo, kisha ikashuka tena. Tumbo lilimjaa hata akila vijiko vitatu tu, aliharisha mara kwa mara, na kimo chake kikasimama ilhali wenzake darasani wanazidi kurefuka. Hatimaye daktari mmoja aliagiza apimwe kingamwili katika damu, kisha akaingizwa mpira wenye kamera na kukatwa vinyama vidogo vya utumbo, tukaambiwa kuwa ana ugonjwa wa siliaki, yaani mwili wake huushambulia utumbo wake mwenyewe kila anapokula gluteni, ile protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai.

Siku hiyo hiyo tuliyorudi nyumbani niliondoa mbele yake kila nilichokijua kuwa ni ngano: chapati, mahamri, boflo, sambusa, tambi, kaimati na biskuti. Miezi sita ya mwanzo alipata nafuu ambayo sikuitarajia, akaongezeka uzito, akaanza tena kucheza netiboli. Baadaye tumbo likarudi, tena kwa vipindi visivyo na mpango, na kipimo cha mwezi uliopita kimeonyesha kuwa kingamwili zimepanda upya. Daktari alimuuliza kwa upole kama huwa anakula ngano kwa siri. Mtoto alilia pale pale akasema, "Wallahi, mama, sijala." Nami namwamini, lakini sina la kumjibu daktari.

Nimeanza kuandika katika daftari kila anachotia kinywani, na nakunakilia wiki moja. Jumatatu asubuhi alikula muhogo wa kuchemsha kwa chai. Mchana wali, mchuzi wa samaki na mchicha. Saa kumi viazi karai langoni mwa shule. Usiku uji wa wimbi uliosagwa mashineni mtaani kwetu. Jumanne asubuhi alikula vitumbua vya jirani kwa mbaazi za nazi. Mchana wali na dengu niliyoiunga kwa mvuje kama alivyonifundisha mama yangu. Usiku alikunywa maziwa ya moto yaliyotiwa ule unga wa chokoleti wa watoto. Jumatano aliamka tumbo limefura. Ijumaa alikula mkate wa kumimina uliopikwa na bibi yake. Jumamosi tulikwenda harusini, akala biriani ya kuku na mishkaki miwili, na hakugusa mkate wala sambusa. Jumapili aliharisha mara nne.

Mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja na ambaye ninampenda kwa dhati, huniambia kwamba nimezidisha, kwamba chembe ya unga haiwezi kumdhuru mtu, na kwamba zamani maradhi haya hayakuwapo. Sitaki kumvunjia heshima, wala sitaki mwanangu aumie. Nieleze, tafadhali, gluteni hii inapitia wapi. Nieleze pia kama niogope mafuta ya nywele, dawa ya meno na hina, kwa sababu nimefika pahali ninaogopa kila kitu.

Mama wa Kisauni


MAJIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu.

Nitaanza na binti, kwa kuwa ndiye aliyelia mbele ya daktari. Nimeusoma ukurasa wa daftari lako mara tatu na ninaamini kwamba amesema kweli. Hakuna siku hata moja alipokula kitu ambacho mtu wa Mombasa angekiita ngano, na hata hivyo nimehesabu mahali panane ambapo gluteni ingeweza kumfikia bila yeye wala wewe kujua. Mwambie hivyo leo, kabla hujafika mwisho wa majibu haya, kwa sababu mtoto anayeshukiwa akiwa mkweli huumia maumivu ambayo hayana dawa hospitalini.

Sisi tukisema ngano tunakusudia ile iliyo chakula chenyewe, inayokandwa, ikasukumwa, ikaonekana. Lakini jikoni na kiwandani ngano ina kazi ya pili, nayo ni kukisaidia chakula kingine: huufanya mchuzi kuwa mzito, hukishikisha kinachotaka kuvunjika, hukizuia kisigandane kinachotaka kugandana, hukifanya kinachokaangwa kiwe kikavu na chenye rangi, na hukijazia kilicho ghali ili kionekane kingi. Mpishi haihesabu ngano ya namna hiyo. Niliwahi kukaa alfajiri moja na mama muuza vitumbua mtaani kwetu, mwanamke mwaminifu asiyependa dhuluma, nikamuuliza kama vitumbua vyake vina ngano. Alinijibu kuwa ni mchele mtupu, uliorowekwa usiku kucha, ukasagwa kwa tui, hamira, sukari na iliki. Baada ya muda mfupi aliinua upawa, akaona rojo lake limekuwa jepesi, akafunua kopo lililokuwa kando ya jiko, akachota konzi mbili za unga mweupe, akakoroga. Nilipomuuliza ule ni unga gani, alisema, "Ah, huu ni wa kulitia uzito tu." Hakuwa ananidanganya, kwani kwake yeye vitumbua ni vya mchele.

Kwa hiyo libadilishe swali lako. Usiulize tena, "Humu mna ngano?" kwa sababu jibu litakuwa hapana, tena litatoka katika moyo safi. Uliza: Umetia nini ili kishikane? Umekichovya kwenye nini kabla ya kukitosa? Rojo likiwa jepesi huwa unaongeza nini? Mafuta haya yamekaanga vitu gani tangu asubuhi? Mfundishe binti maswali hayo manne, ayazoee hadi yamtoke bila haya.

Sasa tulirudie daftari. Jumatatu saa kumi kuna viazi karai, na hapo ndipo ningeweka shaka yangu ya kwanza. Kiazi chenyewe hakina kosa. Huchemshwa, kikachovywa kwenye rojo la unga lenye chumvi na rangi ya manjano, ndipo kikatoswa. Wako wanaotumia unga wa dengu mtupu, na wako wanaotumia unga wa ngano au wanaochanganya, kwa sababu ngano hushika vizuri na dengu ina bei, na ile manjano huificha tofauti kabisa. Bajia zina hadithi hiyo hiyo. Hata muuzaji akiapa kuwa rojo lake ni dengu tupu, litazame karai lake: ikiwa asubuhi lilikaanga mahamri na mchana likakaanga sambusa, mafuta yale yana chenga za ngano, na moto hauiui gluteni kama unavyoua vijidudu. Ndiyo maana chipsi, ambazo ni viazi na chumvi tu, huweza kumdhuru, na vivyo hivyo krips za muhogo zinazokaangwa pale pale. Akitaka kitu cha kununua jioni pamoja na wenzake, na ni haki yake kutaka, muhogo wa kuchoma kwenye makaa uliotiwa pilipili na ndimu ni salama, na mahindi ya kuchoma ni salama, na dafu ni salama.

Uji wa wimbi hunitia wasiwasi kwa sababu ya mashine. Wimbi, mtama, mahindi, mchele na muhogo havina gluteni ya kumdhuru, lakini mashine ya mtaani iliyotoka kusaga ngano ya mteja aliyetangulia hubakiza unga wake tumboni, na kilo za kwanza za wimbi lako huusomba unga huo. Ukipata mashine inayosaga mahindi matupu, tumia hiyo. Ukikosa, nunua kisagio kidogo cha nyumbani kwa ajili ya nafaka zake peke yake. Zile unga za uji zilizochanganywa tayari, zenye nafaka tano au saba, usizinunue kabla ya kusoma kila neno lililoandikwa mfukoni, kwani ngano huwa mojawapo ya zinazotumiwa.

Kuhusu vitumbua vya Jumanne nimeshasema. Dengu yako nayo nzima ni salama, na hapa nasikitika kukwambia kuwa shaka yangu imo katika ule urithi wa mama yako. Mvuje safi ni utomvu wa mmea, mgumu, wenye harufu inayotoboa karatasi. Mvuje wa unga unaouzwa katika vikopo vidogo umechanganywa na unga mwingine ili usigandane na ili ukali wake upungue, na mara nyingi unga huo ni wa ngano, ingawa wapo watengenezaji wanaotumia wa mchele. Geuza kopo usome. Ukiona ngano, iunge dengu kwa bizari nyembamba, tangawizi na kitunguu thaumu mpaka upate mvuje wa aina ya pili. Kwa bizari kwa jumla, ushauri wangu ni ule ule ambao wazee wetu wangeutoa kwa sababu nyingine: nunua nzima nzima Marikiti, ukasage au utwange mwenyewe, kwa kuwa iliyosagwa tayari huwezi kujua imesagwa baada ya nini wala imeongezwa nini.

Ule unga wa chokoleti wa usiku utazame kwa makini zaidi. Vinywaji vingi vya namna hiyo hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, na shayiri ina gluteni. Watu wengi huishia kwenye ngano wakaisahau kabisa shayiri, kwa sababu hatuikandi wala hatuisukumi. Kimea hicho hicho hutiwa katika nafaka za asubuhi za maboksi, zikiwemo zile za mahindi, ili kuzipa ladha, na siki ya kahawia inayomwagiwa chipsi huweza kutengenezwa kwa kimea. Kikombe kimoja kila usiku kingetosha kuieleza sehemu kubwa ya matokeo yale ya damu.

Ijumaa tumefika kwa bibi. Mkate wa kumimina ni mchele, tui, mayai, sukari na hamira, na ikiwa mavyaa wako haongezi ngano, basi kosa halimo katika mapishi bali katika vyombo. Fanya jaribio hili wewe na yeye pamoja. Lichukueni chekeche mnalochungia unga, ambalo limeoshwa na kukaushwa, mligonge mara moja kwenye karatasi nyeusi, kisha mliinue mbele ya dirisha lenye mwanga. Kwenye kona zile ambapo waya umekutana na ukingo mtaona ukungu mweupe, na kwenye karatasi mtaona vumbi. Hiyo ni ngano ya chapati za juzi inayosubiri unga wa mchele wa Ijumaa. Chekeche halisafishiki, na vivyo hivyo mwiko wa mti wenye nyufa, kibao cha kusukumia, chujio la tambi na kaango lililokwaruzika. Hivyo mnunulie vyake, uvifunge utepe mwekundu, uvitundike mahali pa juu ambapo unga hauruki. Sahani, sufuria na vijiko vya chuma havihitaji kununuliwa upya, maana sabuni na maji ya kutosha vinavitakasa. Na siku ya kupika chapati za wengine, chakula chake kiwe kimeshapikwa na kufunikwa, kwa sababu unga wa ngano ukipepetwa huelea hewani na kutua kwenye kila kilicho wazi.

Harusini, biriani yenyewe haina sababu ya kuwa na ngano, isipokuwa vitunguu. Zamani vitunguu vya biriani vilikatwa na kukaangwa nyumbani usiku wa kuamkia harusi, na kina mama walilia kwa ukali wake. Siku hizi wapishi wengi hununua mifuko ya vitunguu vilivyokaangwa tayari, na vitunguu hivyo mara nyingi hunyunyiziwa unga wa ngano ili vibaki vikavu. Mishkaki nayo ya asili hurowekwa kwa papai bichi, ndimu, tangawizi na thaumu, lakini wapishi wa leo wameipenda sosi ya soya. Soya ni jamii ya kunde na haina gluteni, ila sosi yake ya kawaida huchachushwa pamoja na ngano. Neno soya limewadanganya wagonjwa wengi.

Kuna vingine ambavyo havimo katika daftari lako lakini vitakuja: soseji na smoki, ambazo hujaziwa chenga za mkate au wanga wa ngano, kababu na katlesi, kwa sababu hiyo hiyo, samaki wa kukaanga wa hotelini, ambaye hupakwa unga asigande kwenye kaango, vidonge vya kutia ladha mchuzini, na haluwa, ambayo unapaswa kumuuliza mwenye duka ni wanga wa nini alioutumia, kwani wa muhogo na wa mahindi hauna neno, lakini wa ngano una neno. Mwezi wa Ramadhani jihadhari na bokoboko na shurba. Bokoboko ni ngano nzima iliyopondwa na nyama, na kwa kuwa haifanani na mkate nimeshuhudia watu wakimpakulia mgonjwa kwa nia njema kabisa. Shurba hupikwa kwa ngano iliyovunjwa, kwa shayiri au kwa oti, na oti, hata kama yenyewe huvumiliwa na wagonjwa wengi, mara nyingi huvunwa na kusafirishwa pamoja na ngano, kwa hivyo isiyothibitishwa kuwa haina gluteni asiinywe.

Madukani utahitaji kuyajua maneno. Lebo zetu nyingi ni za Kiingereza, basi binti atafute "wheat", "barley", "rye" na "malt" popote yalipo, hata yakiwa yameandikwa kwa herufi ndogo mwisho kabisa. Kwenye bidhaa za Kihindi "maida", "atta", "suji", "rava" na "dalia" mara nyingi humaanisha ngano kwa sura mbalimbali, na "jau" ni shayiri. Kwenye zinazotoka Uarabuni ngano ni "qamh", na shayiri ni "sha'ir", neno lile lile tulilolichukua sisi. Maandishi yanayosema kuwa bidhaa haina ngano hayatoshi, kwa sababu yaweza kuwa na shayiri. Unachokitafuta ni maandishi yanayosema kuwa haina gluteni. Kwa kiwango cha kimataifa cha Codex kilichorekebishwa mwaka 2008, bidhaa yenye maandishi hayo haipaswi kuzidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Pale ambapo lebo imebanduka, au duka linapima kutoka guniani kwa upawa mmoja unaoingia kila gunia, usinunue kwa ajili yake, hata bei ikiwa nzuri namna gani.

Mafuta ya nywele, sabuni na hina vitoe katika hofu zako. Gluteni haiingii mwilini kwa kupitia ngozi ikaufikia utumbo, na binti apakwe hina yake ya Idi kwa raha. Kinachohesabika ni kile kinachofika mdomoni, kwa hivyo rangi ya mdomo na dawa ya meno vinastahili kusomwa lebo, na udongo wa rangi wa kuchezea wa wadogo zake, ambao aghalabu hutengenezwa kwa unga wa ngano, usikaribie meza ya chakula. Vidonge vingi vya hospitali havina gluteni, lakini baadhi hushikishwa kwa wanga, basi mwombe mfamasia akutazamie, hasa vile vya madini ya chuma anavyovimeza kila siku. Asiache dawa yoyote kwa shaka tu.

Sasa mavyaa wako. Ninakuomba usimjibu kwa kubishana, bali umpe hesabu, kwa sababu kauli yake kwamba chembe haidhuru ni kauli ya akili, ila kipimo chake ndicho kilichokosewa. Kipande kimoja cha boflo kina takriban gramu 2 za gluteni, yaani miligramu 2,000. Wagonjwa walio wengi huwa salama wakipata chini ya miligramu 10 kwa siku. Ukikigawa kipande kile mafungu 200 yaliyo sawa, fungu moja tu ndilo lenye miligramu hizo 10. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2007 uliwapa wagonjwa kila siku, kwa muda wa siku 90, miligramu 50, ambazo ni sawa na mafungu matano katika yale 200, na kiasi hicho kilitosha kuharibu vijinyweleo vya utumbo ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Chukua kipande cha boflo, ukikatekate mbele yake kwa kisu mpaka abaki na chenga hizo tano kiganjani, aone mwenyewe ni ndogo kiasi gani, kisha umkumbushe lile vumbi la chekeche.

Na kuhusu zamani, maradhi yalikuwapo, ila hayakuwa na jina miongoni mwetu. Watoto walinyauka, wakavimba tumbo, wakaitwa wenye kwashakoo au waliofanyiwa jambo, na wengine walizikwa. Hata Ulaya, ambako mkate ni chakula cha kila siku, haikujulikana kuwa ngano ndiyo inayowadhuru mpaka daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alipolithibitisha hilo katika miaka ya 1940 na kulieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Kwa umri wa mavyaa wako, si zamani sana. Mweleze hivyo kwa sauti ya chini, mkiwa wawili, bila mtoto kuwapo. Kisha umwombe yeye ndiye awe mwenye vyombo vya utepe mwekundu. Simaanishi kumpumbaza kwa cheo. Namaanisha kwamba mtu anayepika mkate wa kumimina kila Ijumaa ndiye mwenye mkono unaoweza kumlinda mtoto huyu kuliko daktari anayemwona mara mbili kwa mwaka.

Harusini na kwa jamaa, mtoto ale kwanza nyumbani ili asifike na njaa, na wewe mpigie mpishi au mwenye shughuli siku moja kabla, umuulize juu ya vitunguu na sosi. Kwetu kukataa sahani ya mtu ni jambo zito, nami sitaki umfundishe binti ujeuri. Mfundishe kusema, "Ahsante, shangazi, nimekatazwa na daktari, nipe dafu," maneno ambayo hayajamvunjia heshima mtu yeyote.

Rudi kwa daktari ukiwa na daftari hili, umwonyeshe mahali hapo panane, na umwombe akupe pia nafasi ya kumwona mtaalamu wa lishe. Kingamwili hushuka polepole, kwa wengine huchukua mwaka au zaidi, kwa hivyo msivunjike moyo ikiwa kipimo kijacho kimeshuka kidogo tu. Ikiwa miezi itapita nyumba ikiwa safi na tumbo halijatulia, daktari atapaswa kutafuta sababu nyingine, na hapo daftari lako litamwondolea ile shaka ya kwanza.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza. Ugonjwa huu hufuata damu, na kwa ndugu wa tumbo moja na wazazi wa mgonjwa, takriban mmoja katika kila kumi huwa nao, wakati mwingine bila kuumwa tumbo kabisa, akiwa na upungufu wa damu tu au uchovu ambao kila mtu ameuzoea. Wadogo zake wawili, wewe na baba yao mnapaswa kupimwa damu. Kabla ya kipimo hicho asiwepo hata mmoja atakayeacha chapati kwa kumhurumia dada yao, kwa sababu kipimo huzisoma kingamwili zinazozalishwa na mwili unaokula gluteni, na aliyeiacha huweza kupata majibu kwamba ni mzima ilhali ni mgonjwa. Wapimwe kwanza, majibu yatoke, ndipo mwamue ni nani atakayekula kutoka sufuria gani.